Kompyuta mbili za nyumbani zisiposhirikishana mafaili: kutoka dalili hadi chanzo

Kompyuta mbili zilizo chini ya paa moja zinaposhindwa kupeana mafaili, wenye nyumba wengi huishia kubeba flashi kutoka chumba hadi chumba. Matokeo yake ni nakala tatu za faili moja ambazo hakuna ajuaye ipi ni ya mwisho, na mara nyingine virusi vinavyohama kwa njia hiyo hiyo. Jambo hili linasikitisha, kwa sababu kila kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 tayari ina uwezo wa kushirikisha folda kupitia mtandao wa nyumbani bila ya kununua programu yoyote. Kinachokosekana mara nyingi ni utaratibu wa kutafuta kosa lilipo. Mtu hubadilisha mipangilio mitano kwa mpigo, mambo yakatengemaa au yakaharibika zaidi, na katika hali zote mbili hajui ni kipi kati ya vitano kilicholeta matokeo hayo.

Utaratibu unaofaa ni kuanzia chini na kupanda juu kwa kujiuliza maswali manne. Je, kompyuta zote mbili zimo katika mtandao mmoja? Je, kompyuta yenye folda inajibu inapoitwa? Je, inamtambua anayeiita? Je, folda yenyewe inamruhusu? Kila swali lina jaribio lake, na hakuna haja ya kugusa ruhusa za folda ikiwa swali la kwanza halijapata jibu.

Kwa ajili ya mifano, tuchukue nyumba moja ya Wete ambamo kompyuta ya mezani iliyopewa jina la MEZANI ina folda ya Mitihani, na mwalimu wa skuli anataka kuifungua folda hiyo kutoka kwenye kompyuta mpakato iliyopewa jina la MKOBA. Majina mafupi ya namna hii, yasiyo na nafasi na yasiyozidi herufi 15, yanafaa kuwekwa mapema, kwa kuwa majina marefu yanayokuja na Windows ni magumu kukumbuka na ni rahisi kuyakosea.

Kompyuta haionekani wala haijibu

Fungua dirisha la amri (Command Prompt) katika kila kompyuta, andika `ipconfig`, kisha linganisha anwani za IP, yaani namba zinazoitambulisha kila kompyuta katika mtandao. Iwapo MEZANI ina 192.168.8.20 na MKOBA ina 192.168.8.31, na zote zina kinyago cha mtandao (subnet mask) cha 255.255.255.0, basi zimo mtandao mmoja. Ikiwa moja inaanza na 192.168.8 na nyingine inaanza na 192.168.43, umeshapata chanzo: hizo ni nyumba mbili tofauti kwa upande wa mtandao, hata kama kompyuta zimekaa juu ya meza moja.

Hali hiyo hutokea sana pale ambapo kompyuta moja inatumia ruta ya laini ya simu na nyingine imeunganishwa kwenye simu ya mtu kwa sababu bando la ruta limekwisha. Hapa pana jambo linalopaswa kueleweka vyema: kushirikishana mafaili ndani ya nyumba hakuli bando. Ruta isiyo na bando hata kidogo, au hata isiyo na laini ndani yake, bado inaweza kupitisha mafaili kati ya kompyuta mbili, ingawa Windows itaonyesha alama ya kwamba hakuna intaneti. Kwa hiyo rudisha kompyuta zote mbili kwenye ruta ile ile, na tumia simu kwa mambo ya nje tu.

Chanzo cha pili ni waifai ya wageni. Ruta nyingi zina jina la pili la waifai lililotengwa kwa wageni, na kazi ya waifai hiyo ni kuwazuia waliomo wasionane. Katika hali hii anwani zinaweza hata kufanana, lakini hakuna kitakachopita. Baadhi ya ruta zina mpangilio wa kuwatenganisha watumiaji hata katika waifai ya kawaida, na mpangilio huo huzimwa ndani ya ukurasa wa ruta yenyewe.

Chanzo cha tatu huletwa na ruta ya pili iliyonunuliwa ili mawimbi yafike chumba cha nyuma. Ikiwa waya utokao kwenye ruta ya kwanza umechomekwa katika tundu la intaneti la ruta ya pili, ruta ya pili hujenga mtandao wake mpya, na kompyuta iliyo nyuma yake haionekani na wale walio mbele. Dawa ni kuibadilisha ruta hiyo iwe kituo cha waifai tu, ikiwa ina chaguo hilo. Isipokuwa nalo, ipe anwani yake isiyogongana na ya ruta ya kwanza, zima huduma yake ya kugawa anwani, kisha hamishia waya katika mojawapo ya matundu ya kawaida ya mtandao wa ndani.

Kisha kuna anwani inayoanza na 169.254. Kompyuta hujipa anwani hiyo yenyewe inapoomba anwani kwa ruta na isijibiwe. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ya mezani huweza kuwaka kabla ya ruta kuwa tayari, na hapo ikabaki na anwani hiyo isiyoipeleka popote. Windows hujaribu kuomba tena kila baada ya dakika chache, hivyo mara nyingi tatizo hujiondoa lenyewe; asiyetaka kusubiri aandike `ipconfig /renew`. Ikiwa anwani hiyo inarudi hata baada ya ruta kuwaka muda mrefu, kagua waya na vichwa vyake. Hewa ya bahari hula shaba, na vijino vya kichwa cha waya vilivyofanya ukungu wa kijani haviwezi kutegemewa hata kama taa ya tundu bado inawaka.

Zimo mtandao mmoja, lakini haijibu

Kutoka MKOBA, andika `ping 192.168.8.20`, amri ya kuiita MEZANI kwa anwani yake, na usome jibu kwa makini, kwa maana majibu mawili ya kushindwa yana maana mbili tofauti. Jibu la "Destination host unreachable" linalotoka kwenye anwani ya MKOBA yenyewe lina maana kwamba MEZANI haikupatikana kabisa katika mtandao: imezimwa, imelala, au ipo kwingine. Jibu la "Request timed out" mara nyingi lina maana kwamba MEZANI ipo lakini faiwoli yake, yaani ulinzi unaochuja mawasiliano ya mtandao, imekataa kujibu. Kuhakikisha, andika `arp -a` mara tu baada ya hapo. Ukiiona 192.168.8.20 katika orodha ikiwa na anwani ya kadi ya mtandao pembeni yake, basi kompyuta ipo hai na kizuizi ni faiwoli.

Sababu kubwa ya faiwoli kukataa ni aina ya mtandao. Windows hugawa mitandao katika aina mbili, "Public" na "Private", na katika aina ya kwanza huchukulia kwamba uko katika sehemu ya watu wengi kama vile bandarini au mkahawani, hivyo hujificha na kufunga njia zote za kushirikisha mafaili. Windows 11 huuweka mtandao mpya katika aina hiyo yenyewe. Ndiyo maana watu hushangaa kuona kwamba kila kitu kilikuwa kizuri mpaka siku waliyobadilisha ruta: kwa Windows, ruta mpya ni mtandao mpya, na hadhi iliyotolewa kwa mtandao wa zamani haihamishiwi kwake. Fungua mipangilio ya mtandao, bonyeza jina la waifai au muunganisho wa waya, chagua "Private", na ufanye hivyo katika kompyuta zote mbili. Kisha ingia katika mipangilio ya ziada ya kushirikisha na uhakikishe kwamba ugunduzi wa mtandao na ushirikishaji wa mafaili na printa vimewashwa kwa aina hiyo.

Jaribio linalomaliza ubishi hufanywa katika PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows:

`Test-NetConnection 192.168.8.20 -Port 445`

Poti 445, yaani mlango namba 445 wa kompyuta kwa upande wa mtandao, ndiyo inayotumiwa na itifaki (kanuni za mawasiliano) ya SMB, ambayo ndiyo njia ya Windows ya kushirikisha mafaili. Mstari wa mwisho ukisema True, njia iko wazi na hakuna sababu ya kuendelea kuhangaika na faiwoli. Ukisema False ilhali mtandao umeshawekwa "Private", angalia programu ya kuzuia virusi iliyowekwa mbali na ile ya Windows, kwa kuwa nyingi kati ya hizo huja na faiwoli yao isiyofuata mipangilio ya Windows, na angalia pia kama kuna VPN (programu inayopitisha mawasiliano kwa njia ya faragha kupitia kompyuta ya mbali) iliyowashwa. VPN kadhaa hukata mawasiliano ya ndani ya nyumba mpaka ziruhusiwe.

Ushauri wa kuzima faiwoli moja kwa moja umeenea mno, na ni ushauri mbaya. Kuizima kwa dakika moja ili kuthibitisha chanzo kunaweza kuvumilika. Kuiacha imezimwa katika kompyuta mpakato ambayo kesho itaunganishwa na waifai ya hoteli ni kumwachia kila aliyemo humo njia ya kujaribu kuingia.

Inajibu, lakini haimo katika orodha ya kompyuta za mtandao

Dalili hii huwasumbua watu kuliko inavyostahili. Orodha inayoonekana katika kivinjari cha mafaili (File Explorer) ni msaada tu, na kukosekana kwa jina humo hakuzuii kufungua folda. Andika `\\MEZANI` katika mstari wa anwani wa kivinjari hicho, au `\\192.168.8.20`, na kama poti 445 iko wazi, folda zitafunguka au nenosiri litaombwa. Anwani ikikubali na jina likikataa, tatizo lipo katika kutafsiri jina, na tiba nyepesi ni kuanzisha upya ruta na kompyuta zote mbili au kuendelea kutumia anwani.

Anayetaka orodha ikae sawa afungue huduma za Windows (Services) katika MEZANI na ahakikishe kwamba huduma ya "Function Discovery Resource Publication" inaanza yenyewe. Hiyo ndiyo inayoitangaza kompyuta kwa wenzake.

Jambo la kujihadhari nalo ni maelekezo ya zamani yanayomtaka mtu awashe SMB1, toleo la kwanza la SMB, ili orodha irudi. Itifaki hiyo ya kizamani ndiyo iliyotumiwa na virusi vya WannaCry kusambaa duniani mwezi Mei 2017, na baadaye mwaka huo huo Microsoft ilianza kuiondoa katika Windows 10 mpya. Hakuna orodha ya majina yenye thamani ya kuirudisha. Vilevile, maelekezo yanayozungumzia HomeGroup, kipengele cha zamani cha kushirikisha mafaili nyumbani, yaachwe, kwani kipengele hicho kiliondolewa katika Windows 10 mwaka 2018.

Inaomba jina na nenosiri, kisha inalikataa

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo subira inapolipa. Dirisha la kuomba nenosiri linapojitokeza katika MKOBA, linataka jina na nenosiri la akaunti iliyomo ndani ya MEZANI. Mwalimu anaandika zile tarakimu nne anazofungulia kompyuta kila asubuhi, na anakataliwa. Tarakimu hizo ni PIN, na PIN imefungwa kwenye kompyuta ile ile ilipoundwa. Haipiti katika mtandao hata ikiandikwa kwa usahihi mara mia. Hali kadhalika alama ya kidole na utambuzi wa uso.

Akaunti isiyo na nenosiri kabisa nayo hukataliwa. Windows, kwa mpangilio wake wa asili, humruhusu mwenye akaunti ya namna hiyo kuingia akiwa amekaa mbele ya kompyuta tu. Na anayetumia akaunti ya Microsoft anatakiwa kuandika anwani yake kamili ya baruapepe pamoja na nenosiri la akaunti hiyo, ambalo pengine alilitumia mara moja tu siku ya kununua kompyuta na hakulihitaji tena.

Kwa sababu hizi zote, njia isiyo na usumbufu ni kutengeneza katika MEZANI akaunti ya ndani iliyotengwa kwa kazi hii peke yake. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike:

`net user nyumbani * /add`

Hapa `nyumbani` ndilo jina la akaunti mpya, na nyota ile humfanya Windows aulize nenosiri bila kulionyesha kwenye kioo. Kisha, katika MKOBA, jina linaandikwa kwa ukamilifu, `MEZANI\nyumbani`, ili Windows isidhani kwamba unaitaja akaunti iliyomo katika MKOBA. Kukosa kulitanguliza jina la kompyuta na ule mstari wa mshazari ni kosa dogo linalopoteza jioni nzima.

Iwapo nenosiri ni sahihi na bado linakataliwa, huenda MKOBA inatuma taarifa za zamani ilizozihifadhi. Fungua "Credential Manager" katika paneli ya kudhibiti, ondoa kila kinachotaja MEZANI au anwani yake, kisha jaribu upya. Ukikutana na kosa namba 1219, maana yake ni kwamba tayari kuna muunganisho kwenda MEZANI kwa jina jingine, na Windows haikubali majina mawili kwa wakati mmoja. Andika `net use * /delete`, kubali, na uanze upya ukijua kwamba amri hiyo hukata folda zote za mtandao zilizounganishwa.

Kuna chanzo kimoja kipya ambacho mafundi wetu wanapaswa kukijua. Ni kawaida kwa maduka kuweka Windows katika kompyuta moja, kisha kuinakili diski nzima kwenda kompyuta nyingine ili kuokoa muda. Nakala hizo, zisipotayarishwa kwa Sysprep (chombo cha Windows cha kuiandaa kompyuta kabla ya kunakiliwa), hubeba kitambulisho kimoja cha ndani kiitwacho SID. Kwa miaka mingi jambo hilo halikuwa na madhara yanayoonekana nyumbani, lakini kuanzia masasisho ya mwisho wa Agosti 2025, Windows 11 ya matoleo ya 24H2 na 25H2 hukataa kutambuana na kompyuta yenye kitambulisho sawa na chake, na nenosiri sahihi huonekana kama la uongo. Andika `whoami /user` katika kila kompyuta na ulinganishe safu ya tarakimu inayoanza na S-1-5-21, ukiacha kipande cha mwisho baada ya kistari. Zikifanana, hakuna mpangilio utakaosaidia. Kompyuta moja inahitaji kuwekewa Windows upya kwa njia ya kawaida.

Watu wengine humaliza habari kwa kuzima ulinzi wa nenosiri ili kila mtu aingie kama mgeni. Mbali na hatari yake, njia hiyo inazidi kufungwa: Windows 11 Pro ya toleo la 24H2 haikubali tena kuingia katika folda za mtandao kama mgeni kwa mipangilio yake ya asili. Akaunti ya nyumbani iliyoelezwa hapo juu huchukua muda mfupi kuitengeneza, na hudumu.

Nenosiri limekubaliwa, lakini folda haifunguki au haiandikiki

Folda iliyoshirikishwa ina ruhusa za aina mbili, na zote lazima zikubali, kama nyumba ambayo mgeni hupita mlango wa uani kisha mlango wa chumba: ukifunguliwa mmoja na mwingine ukifungwa, umebaki nje. Ruhusa ya kwanza ni ya ushirikishaji, inayohusu wanaoingia kwa njia ya mtandao. Ya pili ni ya diski yenyewe, iliyomo katika ukurasa wa usalama wa folda. Ile kali kati ya mbili ndiyo inayofuatwa. Mwalimu anayefungua Mitihani na kusoma lakini akakataliwa kuhifadhi mabadiliko, karibu kila mara amepewa ruhusa ya kusoma tu katika mojawapo. Ongeza akaunti ya nyumbani katika kurasa zote mbili, na uipe ruhusa ya kubadilisha pale inapohitajika.

Ni vyema folda ya pamoja iundwe mahali pake, mfano `C:\Pamoja`, badala ya kushirikisha folda ya nyaraka iliyo ndani ya akaunti ya mtu, ambayo Windows huilinda kwa ukali zaidi. Na ikiwa folda inafunguka lakini faili moja au mawili ndani yake yanakataa, jua kwamba faili lililohamishwa kutoka sehemu nyingine ya diski ile ile mara nyingi hubaki na ruhusa zake za zamani. Lililonakiliwa huchukua ruhusa za folda mpya.

Inafanya kazi, kisha inapotea

Kwanza kagua usingizi. MEZANI ikilala baada ya nusu saa, folda zake hulala nayo, na mipangilio ya umeme ndiyo mahali pa kurekebisha hilo. Pili ni mabadiliko ya anwani: baada ya ruta kuzimika, MEZANI iliyokuwa 192.168.8.20 inaweza kupewa 192.168.8.24, na kila njia ya mkato iliyotumia anwani ya kwanza ikafa. Ingia katika ukurasa wa ruta na uihifadhie MEZANI anwani moja ya kudumu. Katika maeneo ambayo umeme hukatika mara kwa mara, hatua hii huondoa sehemu kubwa ya malalamiko.

Inafanya kazi, lakini polepole

Waya wa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hupitisha takriban megabaiti 11 kwa sekunde, hivyo video ya harusi yenye gigabaiti 4 huchukua kama dakika sita. Waya wa gigabiti moja unaweza kuipitisha kwa chini ya dakika moja, ikiwa diski zinaweza kwenda na kasi hiyo. Kasi ya gigabiti huhitaji nyuzi zote nane za waya, wakati megabiti 100 hutosheka na nne, hivyo uzi mmoja uliokatika au kijino kimoja kilicholiwa na chumvi huishusha kasi bila ya kukata mawasiliano.

Kwa waifai, kompyuta zote mbili zikiwa hewani kila kipande cha faili husafiri mara mbili, kwenda kwa ruta na kutoka kwa ruta. Kuiweka moja kwenye waya ni nafuu kubwa. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na mawimbi ya gigahezi 5, yaliyo na kasi zaidi, hushindwa kuzipenya kabla ya yale ya gigahezi 2.4, hivyo humo waya mmoja uliopitishwa vizuri unashinda ruta mbili za bei kubwa.

Faili likikataa kabisa kunakiliwa na ujumbe ukasema kwamba ni kubwa mno, kagua diski inayopokea. Diski ya nje yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofikia gigabaiti 4, na mtandao hauna kosa lolote.

Mara tu folda inapoanza kufanya kazi, fahamu pia kwamba faili linalofutwa kutoka MKOBA kupitia mtandao haliendi kwenye pipa la taka la kompyuta yoyote. Linaondoka moja kwa moja. Kwa hiyo watoto wanaohitaji kutazama picha tu wapewe akaunti yenye ruhusa ya kusoma, na folda ya Mitihani iwe na nakala nyingine katika diski inayochomolewa na kuhifadhiwa kabatini.